Zana ya Kukatia Nyasi kwa Uwanja Mdogo wa Nyumbani

Mvua za vuli zinapoanza, kaya nyingi za Biharamulo hukabiliwa na jambo lile lile la kila mwaka. Nyasi za mbele ya nyumba, ambazo tangu Juni zilikuwa zimelala kavu na fupi, huinuka kwa majuma mawili tu na kufunika njia ya mlangoni. Baadhi ya wakazi hushika jembe na kukwangua uwanja wote mpaka udongo mwekundu ukabaki wazi. Wengine huacha kipande kidogo cha ukoka, pengine hatua sita kwa nne, kisha huingia dukani kutafuta kitu cha kukikatia. Somo hili linawahusu hao wa pili, ingawa hata wa kwanza wangefaidika nalo.

Uwanja uliokwanguliwa una sifa zake, na wazee waliouzoea hawakukosa akili. Ni rahisi kufagia, na nyoka akipita huonekana. Tatizo ni mvua. Udongo usiofunikwa hupigwa na matone, matope yakarukia ukutani. Maji hupata njia na kasi, yakachimba ukingo wa msingi. Udongo huo huishia mtaroni, na mtaro ukiziba maji humwagika barabarani au katika nyumba ya jirani wa chini. Ukoka uliokatwa kwa urefu wa vidole viwili au vitatu huushika udongo mahali pake, na nyoka huonekana juu yake vile vile.

Lipo pia dai linalorudiwa mara nyingi kwamba kufyeka nyasi ni kinga ya malaria. Dai hilo lisimfanye mtu aache chandarua. Mbu waenezao malaria huzaliana katika maji yaliyotuama: madimbwi, mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Kukata nyasi kuna faida ya kuyafichua maji hayo ili yafukiwe, lakini nyasi zenyewe si mazalia.

Sasa zana. Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuanza na zana kabla ya kuupima uwanja. Kamba na hatua vinatosha. Uwanja wa mita 6 kwa mita 4 ni mita za mraba 24. Mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono yenye upana wa sentimita 30, ikipishanishwa kidogo kila mstari ili isiache ndevu, hukata kama sentimita 25 kwa mpito mmoja. Hiyo ni mipito 16 ya mita 6, jumla mita 96. Mtu anayekwenda kisimani au gengeni huvuka umbali huo bila kuuhesabu kuwa safari. Hesabu hii ndogo inaonyesha kwamba katika uwanja wa kiasi hicho kazi yenyewe ni fupi, na kwa hiyo zana ya bei kubwa inayookoa muda haina muda wa kuokoa.

Jambo la pili la kutazama ni aina ya nyasi. Ukoka mwembamba unaotambaa hustahimili kukatwa chini, kimo cha sentimita 3 mpaka 5. Nyasi zenye majani mapana, kama zile ziitwazo nyasi za Pemba, hutaka kuachwa juu kidogo, sentimita 5 mpaka 8. Nyasi za porini zilizojiotea, zenye mashina magumu na mashuke, ni kazi nyingine kabisa. Kwa zote ipo kanuni moja ya wakulima wa bustani: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Nyasi zilizoachwa zikafika gotini kisha zikanyolewa mpaka ardhini huungua jua, na udongo hubaki wazi kama uliokwanguliwa.

Fyekeo, zana inayodharauliwa

Hakuna aliyesoma shule ya msingi Tanzania asiyelijua fyekeo. Pengine ndiyo sababu wengi wakijenga nyumba hawataki kuliona tena. Hata hivyo kwa uwanja mdogo wenye nyasi za mchanganyiko ndilo jibu la bei ndogo kuliko yote, ilimradi liwe limechaguliwa vizuri na kunolewa.

Fyekeo zuri hutambulika dukani. Bapa lake ni la chuma chenye uzito wa kutosha, kwa kuwa uzito wa ncha ndio unaokata; bapa jepesi humchosha mtu, naye hulazimika kupiga mara mbili mahali pamoja. Kipindo chake karibu na ncha kiruhusu makali yapite sambamba na ardhi huku mkataji akiwa amesimama bila kuinama sana. Kabla ya kulipa, mnunuzi alishike kama anavyofyeka: ikiwa makali yanaelekea ardhini badala ya kwenda sambamba nayo, kipindo hakimfai kwa kimo chake, achukue jingine. Mpini uwe umekazwa kwa ribiti na usicheze. Fyekeo lililochomoka mpinini halichagui linapoangukia.

Wakazi wenye kupenda kazi ya mhunzi wa karibu wanaweza kumwagiza, na jambo hilo si geni katika nchi hii. Uzinza, ambako Biharamulo imo, ilisifika zamani kwa Warongo, wafua chuma ambao majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani kabla chuma cha viwandani kutoka ng'ambo hakijaenea. Faida ya mhunzi ni kwamba hupinda bapa kulingana na kimo cha mwenye zana. Mwenye mgongo mbovu ataona tofauti siku ya kwanza.

Udhaifu wa fyekeo uko kwenye ukoka mfupi. Nyasi hukatwa na fyekeo kwa sababu zinasimama na kulipinga pigo. Ukoka uliolala hauna upinzani, hivyo bapa butu huupapasa tu na kuuacha. Tiba ni mbili. Ya kwanza ni tupa: makali yote mawili yanolewe kabla ya kazi, na kuguswa tena kwa kinoo katikati ya kazi. Ya pili ni saa ya kukata. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, nyasi huwa zimejaa maji na kusimama imara, nazo hukatika kwa urahisi kuliko saa saba mchana zikiwa zimelegea. Wakata nyasi wa nchi nyingi wamelijua hilo tangu kale, na watoto wa shule wanaofyeka alfajiri hulijua bila kuambiwa.

Fyekeo hutaka nafasi. Mkataji mmoja asikaribiwe na mtu kwa mita tatu kila upande, na asilitumie kandokando ya ukuta, bomba la maji au shina la mwembe mchanga. Kwenye kingo hizo hutumika mundu, au mkasi mkubwa wa bustani unaoshikwa kwa mikono miwili. Ikiwa kipande cha ukoka hakizidi ukubwa wa mikeka mitatu au minne, mkasi huo peke yake unatosha, na kazi yake ni safi kuliko ya zana yoyote itakayotajwa hapa chini. Ila magoti yatalalamika.

Panga si zana ya nyasi, na katika mkoa huu lina sababu ya ziada ya kutotumiwa ovyo. Tangu mnyauko bakteria wa migomba ulipoingia Kagera katika miaka ya 2000, wataalamu wa kilimo wamekuwa wakifundisha kwamba ugonjwa huo husafiri juu ya makali ya zana kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Panga lililotoka mgombani likaletwa uwanjani, kisha likakopeshwa kwa jirani, linaweza kubeba balaa hilo. Zana ya uwanjani ikae uwanjani. Ikilazimika kuingia mgombani, isafishwe kwanza kwa dawa ya klorini ya kufulia au ipitishwe motoni.

Mashine ya kusukuma kwa mkono

Mashine hii haina injini. Ina magurudumu mawili na, katikati yake, silinda ya visu vilivyopinda. Mtu akiisukuma, magurudumu huzungusha silinda, na kila kisu hupita kwa kugusana kidogo na kisu kimoja kilichotulia chini, kama mkasi unavyofumba. Aliyeibuni ni fundi Mwingereza wa Stroud, Edwin Budding, aliyepata hataza mwaka 1830. Wazo alilipata katika viwanda vya nguo, kwenye mashine iliyokuwa ikinyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu. Karibu karne mbili baadaye umbo lake halijabadilika sana, na hiyo ni dalili kwamba limetimiza kazi.

Kwa uwanja wa ukoka uliosawazishwa, usiozidi mita za mraba 100 hivi, ndiyo mashine inayostahili kufikiriwa kwanza. Haitaki petroli wala umeme. Kelele yake haimwamshi mtoto. Haitupi mawe kwa nguvu. Kwa kuwa hukata kwa kufumba badala ya kupiga, ncha za majani hubaki safi wala hazikauki rangi ya kahawia.

Masharti yake ni matatu, na asiyeweza kuyatimiza asiinunue. Kwanza, nyasi zikatwe mara kwa mara: kila juma wakati wa mvua, na katika kiangazi pengine mara moja kwa mwezi au zisikatwe kabisa. Nyasi zikipita kifundo cha mguu, silinda huzilaza badala ya kuzikata. Hapo itabidi fyekeo litangulie. Pili, uwanja uokotwe mawe. Penye changarawe, jiwe dogo la ukubwa wa punje ya hindi hutosha kupiga pengo katika kisu, na kila mpito baada ya hapo huacha mstari wa nyasi zilizosimama. Tatu, visu virekebishwe. Kipimo chake ni kipande cha karatasi: kikiwekwa kati ya kisu cha silinda na kile kilichotulia, silinda ikazungushwa polepole kwa kushikwa mbali na makali, karatasi ikatike wazi. Ikikunjika tu, skrubu za pembeni zikazwe kidogo pande zote mbili kwa usawa. Mashine hii, tofauti na fyekeo, hupenda nyasi zilizokauka umande.

Mashine nyingi zinazopatikana ni za mtumba. Mnunuzi azungushe silinda kwa kusukuma mashine na kusikiliza: mlio laini wa mkato ni mzuri, mkwaruzo mzito upande mmoja ni dalili ya silinda iliyopinda, na hiyo haina dawa ya bei nafuu.

Injini

Hapa ndipo fedha za kaya hupotea. Mashine ya petroli ina sura ya maendeleo, na muuzaji hulijua hilo. Bei yake hununua mafyekeo kwa makumi, lakini bei si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba injini hufa kwa kukaa bure kuliko kwa kufanya kazi. Uwanja wa mita za mraba 24 huipa injini dakika kumi kila juma, kisha kiangazi kizima hakuna kitu. Petroli iliyobaki katika kabureta huchakaa na kuacha utando unaoziba vitundu vyake. Oktoba ikifika, mvua ikinyesha, mwenye mashine huvuta kamba mpaka bega likamuuma, halafu humwita fundi. Anayeimiliki mashine hiyo tayari aimalize petroli yote ndani yake kabla ya kuiweka kwa kiangazi.

Mashine inayobebwa begani, yenye fimbo ndefu na kamba ya nailoni au kisu mwishoni, ina kisa chake cha peke yake. Kichwa chake cha kamba kilibuniwa na George Ballas wa Houston, Marekani, mwaka 1971, baada ya kutazama brashi za mashine ya kuoshea magari. Alianza kwa kopo la bisi na mshipi wa kuvulia samaki. Ni zana bora kwa kingo za barabara, mitaro na viwanja vikubwa vya zahanati na shule. Lakini nyingi kati yake zina injini ya mipigo miwili, ambayo hulainishwa kwa oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Injini za bodaboda zinazojulikana na kila fundi wa hapa ni za mipigo minne, na petroli yake haichanganywi. Mtu aliyezoea pikipiki hujaza petroli tupu katika mashine ya begani, nayo hunguruma vizuri kwa muda mfupi kisha hukwama moja kwa moja, pistoni ikiwa imegandana na silinda. Kitabu cha mashine husema kiasi: mashine inayotaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli hupewa mililita 20 za oili katika kila lita, inayotaka 1 kwa 25 hupewa mililita 40. Mchanganyiko huo usiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa. Watoto hawasomi harufu.

Kuna pia hatari ya mawe. Mashine ya petroli ya magurudumu hukata kwa upanga mmoja unaozunguka kwa kasi. Upanga wa sentimita 46 ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia mita 72 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Jiwe likipigwa na ncha hiyo halianguki karibu. Kwa mashine yoyote yenye injini, mkataji avae gambuti au viatu vigumu, suruali ndefu na miwani ya kinga, na watoto waingizwe ndani kabla injini haijawashwa. Kuwaambia wakae mbali hakutoshi. Jicho likipigwa, lisisuguliwe wala lisitiwe maziwa au majani. Lifunikwe bila kubanwa, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama maumivu ni madogo.

Mashine za umeme zinahitaji maneno machache. Matumizi yake ni madogo. Mashine ya wati 1,000 ikifanya kazi robo saa hula robo ya uniti. Hatari yake ni waya. Waya wa kuunganishia wenye viraka vya gundi ya plastiki, ukiburutwa juu ya nyasi zenye maji, haufai hata kwa dakika moja, na mkataji asiyeupitisha begani mwake mwisho wake huukata mwenyewe.

Wapo wanaouliza kuhusu mnyama. Mbuzi hafai sana, kwa kuwa kwa asili hupenda majani ya vichaka na ataanza na maua, kisha miche ya miti, kabla hajazigusa nyasi. Kondoo ndiye mla nyasi wa kweli. Lakini kipande cha mita 24 hakimshibishi hata mmoja, na kamba inayomfunga huchora duara lililokwanguka katikati ya ukoka.

Swali la mwisho kabla ya kununua, ambalo mara nyingi halijibiwi mpaka zana imefika nyumbani, ni nani atakayekata. Baba anayeondoka alfajiri na kurudi usiku hununua zana kwa mikono yake mwenyewe, lakini mtumiaji atakuwa mama mwenye nyumba, bibi, au kijana wa darasa la sita. Zana ichaguliwe kwa mwili wa huyo atakayeishika, naye aende dukani. Ikiwa hakuna mwenye nguvu wala nafasi, kukodi ni busara kuliko kumiliki.

Na hapo mashine ya begani hupata mahali pake. Kijana mmoja akizunguka kaya thelathini, injini haikai bure, petroli haichakai, na gharama ya mashine hugawanyika. Kikundi cha vijana, cha wanawake au cha watu wenye ulemavu kinachotaka kuifanya kazi hiyo kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zinatakiwa kisheria kuyatenga: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo ya usajili wa kikundi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Anayemkodi kijana wa aina hiyo akubaliane naye kabla ya kazi nani ataokota mawe na nani ataondoa nyasi zilizokatwa, maana ugomvi mwingi wa malipo hutokea hapo.

Nyasi hizo zisitupwe mtaroni, wala zisirundikwe kungoja moto. Zinazokatwa kila juma ni fupi kiasi cha kuachwa pale pale zikaoza na kuurutubisha ukoka wenyewe. Zilizokatwa ndefu ni matandazo mazuri ya mgombani, kama wakulima wa Kagera wanavyofanya kwa nyasi za porini tangu zamani. Ukoka peke yake ndio unaohitaji tahadhari: vipande vyake vya shina vikitandazwa vibichi hushika mizizi na kuigeuza shamba ya migomba kuwa uwanja wa pili wa kukatwa. Vianikwe juani siku tatu au nne juu ya bati au turubai, mpaka vivunjike vikikunjwa, ndipo vipelekwe.